Chumvi yenye madini joto: yanayosemwa na ukweli wake

"Sisi wa pwani tunakula samaki na chumvi ya bahari. Madini joto tunayo tele."

Hesabu inakataa. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na mikrogramu zipatazo 60 tu za madini joto, yaani iodini. Tuseme yote yangebaki kwenye chumvi maji yakishakauka: gramu 5 za chumvi hiyo zingekupa mikrogramu 9 hivi. Mtu mzima anahitaji 150 kwa siku, mjamzito 250. Na hayabaki yote, kwani mengi huondoka na maji yanayomwagwa chumvi ikishaganda jaruboni. Chumvi ya pinki inayouzwa ghali mijini nayo kwa kawaida haijatiwa chochote.

Watoto wa shule walipopimwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000, upungufu ulikutwa, na Pemba hali ilikuwa mbaya kuliko Unguja. Bahari ni ileile. Kilichotofautiana ni chumvi: nyumba nyingi za Unguja zilikuwa na iliyotiwa madini joto, za Pemba karibu hakuna. Tanzania Bara ilikuwa imeshaifanya kuwa lazima katikati ya miaka ya 1990, lakini afya si jambo la Muungano, kwa hiyo kanuni za Bara hazikuwabana wazalishaji wa Visiwani.

"Hapa kwetu hakuna mwenye rovu, tatizo halipo."

Rovu, au goita, ni tezi ya shingo iliyotanuka ili inase kila chembe ya madini joto inayopita kwenye damu. Upungufu wa kiasi unaweza usivimbishe shingo ya mtu hata mmoja kijijini, huku ukidhoofisha ubongo wa watoto walio tumboni. Kwa takriban wiki 12 za mwanzo mtoto hutegemea kabisa homoni za tezi ya mama yake, zinazotengenezwa kwa madini joto, na wajawazito wengi huanza kliniki wiki hizo zikiwa zimeshapita. Ndiyo maana ushauri wa kliniki peke yake huchelewa. Madini joto yanatakiwa yawe yameshaingia kwenye chungu cha nyumbani kabla ya mimba.

"Watu waelimishwe tu. Kulazimisha kwa sheria ni kuwaonea wazalishaji."

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Mnunuzi sokoni hawezi kuyaona madini joto, hawezi kuyaonja, na hayasikii mwilini. Anachokiona ni bei. Mzalishaji anayetia dawa (potasiamu iodeti) ana gharama ya dawa yenyewe, ya bomba na ya mifuko mizuri. Jirani yake asiyetia anauza kwa bei ya chini kidogo na kumaliza mzigo wote. Hiari humwadhibu anayefanya vizuri. Kanuni inayowabana wote huondoa adhabu hiyo, na Kenya iliiweka tangu 1978.

Sheria, hata hivyo, haichanganyi dawa. Ili tani moja ya chumvi ifikie miligramu 40 za madini joto kwa kilo, inahitaji gramu 67 au 68 za potasiamu iodeti. Hizo hazijazi kikombe cha kahawa, na zinatakiwa zienee sawasawa kwenye kilo 1,000. Mzalishaji mdogo huziyeyusha kwenye maji, hunyunyizia lundo kwa bomba la mkono, kisha hugeuza kwa koleo. Lundo likiwa nene, chumvi ya juu hupata dawa kupita kiasi na ya chini haipati kitu. Suluhisho ni kutandaza chumvi tabaka jembamba, kunyunyizia, kugeuza, kisha kurudia. Chumvi ikifungwa ingali mbichi, unyevu hushuka na madini joto hadi chini ya gunia, na gunia lisilo na mfuko wa plastiki ndani huyavujisha nje.

Kwa hiyo serikali inayotoza faini tu, bila kuhakikisha dawa inauzwa karibu na mashamba ya chumvi, inawasukuma wazalishaji wadogo wauze kwa kujificha. Kuwaunganisha kwenye ushirika wanunue dawa pamoja na watumie mashine moja huzaa zaidi kuliko msako.

"Yakizidi hayana neno."

Yana neno. Miaka ya 1990 huko Kivu, mashariki mwa Kongo, watu waliokaa muda mrefu bila madini joto walipoanza kuyapata mengi kwenye chumvi, wapo walioanza kukonda, kutetemeka na moyo kwenda mbio, kwa sababu tezi zao zilichangamka kupita kiasi. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza miligramu 20 hadi 40 kwa kilo kiwandani. Kiwango kina sakafu na dari, na mkaguzi anapaswa kuangalia vyote viwili.

Wala madini joto kuwamo si ruhusa ya kuongeza chumvi mezani. Chumvi yenye miligramu 30 kwa kilo ikifika mdomoni, gramu 5 zinatimiza zile mikrogramu 150.

"Ukipika yanapotea yote."

Hupotea kama sehemu moja ya tano. Kinachoyaondoa zaidi ni kuosha chumvi ya mawe kabla ya kuitumia, maana dawa imekaa juu ya punje. Usiioshe. Iweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jiko na jua.

"Ikigeuka zambarau imefaulu."

Kile kichupa cha matone anachotembea nacho bwana afya, ambayo huigeuza chumvi zambarau, huonyesha kwamba madini joto yamo. Hakisemi kwa uhakika ni kiasi gani. Kiasi hupimwa maabara. Na tone moja juu ya gunia linaweza kudanganya kwa sababu zilezile za lundo nene na chumvi mbichi, hivyo sampuli zichukuliwe juu, katikati na chini, zipimwe kila moja peke yake. Ya juu ikikaa nyeupe na ya chini ikawa zambarau iliyokolea, chumvi ilifungwa na maji yake.