Mashimo ya makombora ya Ukraine: yanayosemwa vijiweni na yaliyofanyika

Tangu Urusi iivamie Ukraine Februari 2022, ukizuka mjadala wa vita hivyo, iwe kijiweni au kwenye kundi la WhatsApp, hakosekani mtu wa kusema: "Hawa walidanganywa, wakatoa mabomu yao bure." Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, ila imebebeshwa mengi yasiyo yake. Kuondoa vichwa vya nyuklia, yaani mabomu yenyewe, ilikuwa kazi moja. Kuvunja mashimo yaliyohifadhi makombora, kuondoa sumu, kuwatafutia wanajeshi pa kuishi na kumrudishia mkulima shamba ilikuwa kazi nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, na wapiga picha hawakuisubiri.

Dhana: Ukraine ilikuwa na mabomu, na kitufe kilikuwa mkononi mwake.

Mabomu yalikuwepo, tena si haba. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Ukraine ilibaki na makombora 176 ya masafa marefu yaliyokaa mashimoni: 130 ya aina ya SS-19 na 46 ya aina ya SS-24, kuzunguka miji ya Khmelnytskyi na Pervomaysk. Ukijumlisha na silaha za ndege, vichwa vya nyuklia vilikaribia 1,900. Ni Urusi na Marekani tu zilizoizidi.

Lakini namba za siri za kufyatulia, pamoja na mfumo wa amri, vilibaki Moscow. Kyiv, yaani serikali ya Ukraine, ilikuwa na ardhi, walinzi na milango. Vichwa vya nyuklia pia huchakaa, vinataka vipuri na mafundi wake, na viwanda vilivyovitengeneza vilikuwa Urusi. Je, Ukraine ingeweza kujijengea udhibiti wake kama ingepewa muda na fedha? Wataalamu bado wanabishana. Kilicho wazi ni kwamba mwaka 1994 uwezo huo haukuwepo.

Dhana: Haikupata chochote.

Hapa ndipo chembe ya ukweli ilipo. Hati ya Budapest ya Desemba 1994 iliahidi kuheshimu mipaka ya Ukraine, na Urusi, iliyotia saini, iliivunja ahadi hiyo mwaka 2014 kisha 2022. Anayelalamikia hilo ana haki yake.

Ila Januari mwaka huohuo wa 1994, marais Clinton wa Marekani, Yeltsin wa Urusi na Kravchuk wa Ukraine walikuwa wameshatia saini tamko jingine huko Moscow, na hilo lilikuwa na hesabu kamili. Ndani ya miezi 10, Ukraine ipeleke Urusi vichwa visivyopungua 200. Urusi nayo iipe Ukraine nishati ya vinu vya umeme yenye tani 100 za urani iliyorutubishwa kidogo. Marekani ikatanguliza dola milioni 60 kwa Urusi ili kazi ianze. Kwa nchi iliyokuwa na vinu vingi vya nyuklia na hazina tupu, taa kuwaka majumbani si "bure".

Dhana: Marekani iliwamwagia mapesa, wakubwa wakayala.

Mpango wa Marekani wa kugharamia uvunjaji wa silaha hizo ulianzishwa na maseneta wawili, Sam Nunn wa Georgia, wa chama cha Democratic, na Richard Lugar wa Indiana, wa Republican. Sheria ilipita mwishoni mwa mwaka 1991, na wala haikutenga fedha mpya: iliiruhusu Pentagon, yaani wizara ya ulinzi, kuhamisha hadi dola milioni 400 kutoka mafungu yake yenyewe. Majenerali hawakulipenda hilo hata kidogo.

Tena msaada haukuja kama noti. Ulikuja kama winchi, malori, mitambo ya kukatia chuma, matangi, mafunzo na mikataba ya wakandarasi. Sheria ilitaka teknolojia na mafundi wa Marekani watumike kila inapowezekana, kwa hiyo sehemu nzuri ya fedha ilizunguka na kurudi ilikotoka. Anayeifahamu miradi ya wafadhili huku kwetu hatashangaa. Lawama ya kweli ya Waukraine ilikuwa hiyo, pamoja na ucheleweshaji: katika miaka ya mwanzo ahadi zilikuwa nyingi na vifaa vilivyofika vilikuwa vichache.

Kuna fungu moja la matumizi lililozua kelele hata Washington: nyumba. Kwa sheria iliyorithiwa kutoka enzi za Kisovieti, ofisa hawezi kuachishwa jeshi akatupwa barabarani. Lazima apewe pa kukaa. Sasa fikiria kikosi kizima cha makombora kinafungwa, maofisa na familia zao wako kambini, na mji hauna nyumba. Usipowajengea, hawaondoki, na wasipoondoka shimo halivunjwi. Kwa hiyo fedha za kupunguza silaha zikajenga nyumba za kuishi Pervomaysk. Baadaye Bunge la Marekani lilipiga marufuku fedha za mpango huo kutumika kwa nyumba. Kwangu mimi, zile nyumba zilikuwa miongoni mwa dola zilizotumika kwa akili zaidi katika mpango mzima, na marufuku ile ilikuwa siasa tu.

Dhana: Kombora lililipuliwa likiwa humohumo shimoni.

Hapana. Kwanza kinatolewa kichwa cha nyuklia, kinapakiwa kwenye treni kwenda Urusi. Cha mwisho kiliondoka Ukraine mwanzoni mwa Juni 1996. Kisha inakuja hatua ambayo wafanyakazi waliiogopa kuliko vichwa vyenyewe: mafuta. SS-19 hutumia vimiminika viwili, heptili na tetroksidi ya nitrojeni, ambavyo vikikutana huwaka papo hapo bila kiberiti. Heptili ni sumu kali, inayeyuka kwenye maji na hupenya ngozi; ile ya pili hutoa moshi wa rangi ya kahawia unaounguza mapafu. Watu walifanya kazi ndani ya mavazi mazito ya mpira, wakivuta hewa kutoka kwenye mitungi. Matangi yakishakauka na kusafishwa, kombora linanyanyuliwa na winchi na kusafirishwa hadi Dnipropetrovsk, linakatwa vipande na kuwa chuma chakavu.

Ndipo zamu ya shimo inapofika. Nyaya, mashine na vyuma vya thamani vinang'olewa, baruti inapangwa kuzunguka sehemu ya juu. Mkataba wa START, wa Marekani na Wasovieti wa kupunguza silaha za masafa marefu, uliweka vipimo: ukilipua, uharibifu ufike angalau mita 6 kwenda chini; ukichimba, angalau mita 8. Halafu huruhusiwi kufukia. Kovu hilo linaachwa wazi siku 90 ili setilaiti za upande wa pili zipite na kujionea. Baada ya hapo tu ndipo matingatinga yanaingia.

Dhana: Ardhi ile ina mionzi milele.

Nadhani ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ndiyo inayotuchanganya. Watu wakisikia "nyuklia" na "Ukraine" katika sentensi moja, picha ni ileile. Lakini Pervomaysk iko kusini, mamia ya kilomita kutoka kwenye kile kinu, na kichwa cha nyuklia kilichokaa juu ya kombora hakikuwa kinavujisha mionzi kwenye udongo. Kilipoondoka, kiliondoka na urani na plutoni yake.

Kinachobaki shimoni ni uchafu wa kiwandani: mabaki ya mafuta ya roketi, dizeli ya majenereta, mafuta ya transfoma, rangi zenye madini ya risasi. Si vitu vya kuchezea, ila ni vitu vinavyopimwa na kuondolewa. Marekani yenyewe inalijua hilo kwa uchungu. Katika vituo vyake vya kale vya makombora ya Atlas, huko Wyoming na Nebraska, dawa ya kusafishia mabomba iitwayo trikloroethilini iliingia kwenye maji ya chini ya ardhi, na miongo kadhaa baada ya makombora kuondoka bado visima vinafuatiliwa.

Mionzi ya kweli ipo kwingine. Semipalatinsk, Kazakhstan, majaribio 456 ya nyuklia yalifanyika, na huko msaada wa kimataifa ulikwenda kuziba mahandaki ya mlima Degelen. Ile ni kazi ya namna nyingine kabisa.

Ugumu wa kurudisha shamba la Ukraine ulikuwa wa kawaida mno kiasi kwamba hauandikwi: zege lililovunjika, barabara za kijeshi zilizokata mashamba, uzio, nyaya zilizofukiwa, na udongo. Ukanda ule una udongo mweusi, miongoni mwa ulio bora duniani. Ukijaza shimo kwa kifusi na kumwaga udongo wowote juu, umefukia tu, hujarudisha shamba. Tabaka la juu lazima liwe la udongo wenyewe, lisawazishwe, na liachwe litulie.

Dhana: Alizeti zilipopandwa, kazi ilikuwa imekwisha.

Januari 1996 mawaziri watatu wa ulinzi, William Perry wa Marekani, Pavel Grachev wa Urusi na Valeriy Shmarov wa Ukraine, walilipua shimo moja pamoja karibu na Pervomaysk. Juni wakarudi palepale wakapanda alizeti. Picha ni nzuri na imesambaa kila mahali, lakini shimo la mwisho la SS-24 lililipuliwa Oktoba 2001, miaka mitano baadaye.

Dhana: Wakubwa walivunja ya wenzao, yao wakayaacha.

Katika majimbo ya Marekani ya Missouri na South Dakota kulikuwa na mashimo 150 ya makombora ya Minuteman II kila moja. Yalivunjwa miaka hiyohiyo ya 1990, yakaachwa wazi siku 90 kwa ajili ya setilaiti za Urusi, yakafukiwa. Shimo moja South Dakota limebakizwa na kufunikwa kwa kioo kwa ajili ya wageni. Ukraine nayo ina makumbusho yake huko Pobuzke, na unaweza kushuka kwa lifti finyu hadi kwenye chumba cha amri, kilicho mita 45 chini ya ardhi. Lile kombora kubwa ambalo kila mgeni hupiga nalo picha pale nje ni SS-18, aina ambayo haikuwahi kuwekwa kwenye mashimo ya Ukraine. Hata makumbusho hupenda kutia chumvi.

Yote hayo hayakuondoa tatizo la SS-24. Mafuta yake si ya kimiminika. Ni mango, kama mpira mgumu uliogandia ndani ya injini, na huwezi kuyamwaga. Maelfu ya tani zake zilirundikana katika mji wa Pavlohrad. Wamarekani na Waukraine wakabishana kuhusu njia ya kuyatoa na nani alipe, mbinu moja ikaachwa baada ya fedha nyingi kutumika, na ubishi huo uliendelea miaka mingi baada ya mashimo kugeuka mashamba.