Upepo wa Mita 10 na Maji ya Mizabibu Dodoma

Mkulima wa zabibu Dodoma anayepanga umwagiliaji wa matone kwa takwimu za hali ya hewa aulize kwanza: upepo huu umepimwa kimo gani? Vituo vikuu huupima mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi, kama Shirika la Hali ya Hewa Duniani linavyoelekeza. Fomyula ya Penman-Monteith, ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) iliipendekeza mwaka 1998 kwa kukadiria maji yanayopotea kwenye udongo na majani, inataka upepo wa mita 2. Huko chini nyasi huukwaza upepo, ukapungua. Ukiingiza namba ya juu kama ilivyo, umeuzidisha upepo kwa theluthi moja, na kiangazi hewa ya Dodoma ikiwa kavu, kosa hilo linakula maji na umeme wa pampu.

Tuseme wastani wa siku kwenye kituo cha uwanja wa ndege ni noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa. Zidisha kwa 0.514, upate mita 4.1 kwa sekunde. Zidisha tena kwa 0.75, kizidisho cha kuushusha upepo wa mita 10 hadi mita 2: mita 3.1 kwa sekunde. Ukiitaka kwa kilomita kwa siku, zidisha kwa 86.4, inakuja takriban 268. Kwa mlingoti wa mita 3, kizidisho si 0.75 bali 0.92.

Ninalolisisitiza zaidi ni pa kusimika kipimaupepo. Wengi hukiweka katikati ya zao, wakiamini ndipo penye ukweli wa shamba. Sivyo. Vizidisho hivyo ni vya nyasi fupi za sentimita 12. Mahindi yakifika mita 2, ni kana kwamba ardhi imepanda hadi mita 1.3, na kifaa cha mita 2 kinasoma upepo uliokwisha nguvu. Hesabu inashuka, mimea inapewa maji pungufu ikiwa na kiu. Urefu wa zao umeshahesabiwa ndani ya kigezo cha zao, ile namba ya kila zao inayozidishwa na matokeo ya fomyula. Ukiupunguza upepo kwa ajili ya mahindi au mizabibu, umepunguza mara mbili.

Kisimike kifaa juu ya nyasi zinazofyekwa, mbali na miti na majengo angalau mara kumi ya urefu wa miti au majengo hayo. Mwembe wa mita 6 unadai mita 60. Shamba likikosa nafasi hiyo, afadhali takwimu za kituo cha jirani kilicho mahali pa wazi, zilizoshushwa hadi mita 2.