Daftari la msaidizi wa msimbo: andika sababu, mengine yaache

Msaidizi wa akili mnemba anayekuandikia msimbo wa programu kwa asili hana kumbukumbu. Ukifunga kikao na kufungua kingine, mliyokubaliana jana hayajui tena. Unaanza naye upya kama mgeni aliyeshuka treni leo asubuhi. Ndivyo modeli hizi zilivyoundwa. Zinajua zilichofunzwa huko nyuma, na zinajua kilichomo kwenye dirisha la mazungumzo ya sasa hivi, basi.

Kwa sisi tunaofanyia kazi Kigoma hasara yake inaonekana haraka. Natunza programu ya mizigo na malipo ya wafanyabiashara wa dagaa na mawese. Msaidizi akifika sehemu ya namba za simu, mara nyingi huja na wazo lilelile: tukatae namba isiyoanza na 255. Kwa duka la Dodoma sawa. Hapa umeshawafungia nje wanunuzi wa Uvira, Kongo, wenye 243 na wa Bujumbura, Burundi, wenye 257. Saa nazo ni hivyohivyo: ng'ambo ya ziwa wako nyuma yetu kwa saa moja, ndiyo maana muda wa boti kuondoka tunauhifadhi kwa UTC, saa ya pamoja ya kimataifa. Asiyejua hilo atataka "kurahisisha" kwa kuweka saa za Dar es Salaam kila mahali.

Njia ya kwanza ya kumkumbusha ni faili moja la maelezo kwenye folda ya mradi. Claude Code, msaidizi wa msimbo wa Anthropic, husoma CLAUDE.md, na zana nyingine nyingi husoma AGENTS.md. Ni njia nzuri, anza nayo. Tatizo ni kwamba faili hilo huingia lote kwenye dirisha kila kikao, unalipia tokeni zake (vipande vya maneno vinavyohesabiwa kwenye malipo) hata siku unayorekebisha rangi ya kitufe. Na likinenepa sana halisomwi vizuri: utafiti wa Nelson Liu na wenzake wa 2023 ulionyesha kuwa modeli hutumia vibaya zaidi habari iliyo katikati ya maandishi marefu kuliko iliyo mwanzoni au mwishoni.

Ndipo inapokuja zana ya daftari. Yangu ni programu ndogo inayozungumza na msaidizi kwa MCP, itifaki ya kuunganisha wasaidizi na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, na inampa kazi tatu tu: andika, tafuta, futa. Akianza kazi anatafuta, analeta vipande viwili vitatu vinavyohusika, vingine vinabaki kwenye diski.

Kitu gani kiandikwe? Hapo ndipo watu wanapoharibu. Wanamwachia msaidizi aandike kila kitu, na baada ya muda daftari limejaa mambo ya "faili la malipo liko folda ya malipo". Hayo msimbo wenyewe unayasema. Mimi nataka yale ambayo msimbo hauwezi kuyasema, yaani sababu. Noti yangu moja inasomeka hivi: "Usizuie namba kwa 255. Wanunuzi wa Uvira na Bujumbura wanalipa kupitia mawakala wao, na risiti lazima iwafikie wao. Ibadilishwe tu mwenye mzigo akikubali." Na tarehe juu yake, maana noti isiyo na tarehe huwezi kujua kama bado ina uhai.

Kwenye kutafuta, Kiswahili kina vituko vyake. Natumia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, na FTS5, sehemu yake ya kutafuta ndani ya maandishi. Utafutaji wa kawaida humo unalinganisha neno zima, na ukitaka kulegeza unaruhusiwa kutafuta kwa mwanzo wa neno. Sisi maneno yetu yanabadilika mwanzoni hasa! Ukitafuta "mteja", noti yenye "wateja" haiji. Ukitafuta "lipa", "analipa" na "walilipa" hazionekani. Kipunguza maneno kinachokuja nayo, yaani kinachokata viambishi vya neno, ni cha Kiingereza, hakitusaidii. Dawa niliyoikuta ni kuifanya FTS5 igawe maandishi kwa herufi tatutatu ili ipate hata kipande cha ndani ya neno, uwezo uliokuja na toleo la 3.34 mwaka 2020, halafu kumwagiza msaidizi atafute kwa mzizi: "teja", "lip". Mzizi usipungue herufi tatu, vinginevyo haupati kitu. Kuna wanaotumia vekta, yaani kutafuta kwa ukaribu wa maana. Kwa noti chache kama zangu naona ni mzigo wa bure.

Taarifa za watu zisiingie. Jina na namba ya mteja vikiwa kwenye noti, vitasafiri hadi seva za kampuni ya modeli kila noti hiyo inapovutwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti juu ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Nywila ndiyo kabisa.

Hatari nyingine ni noti iliyopandwa. Msaidizi akisoma ukurasa wa mtandaoni uliofichwa maagizo ndani yake, anaweza kuyaandika kama noti, na kuanzia hapo yanarudi kila kikao ingawa ukurasa ulishafungwa. Kwa hiyo noti zangu ni mafaili ya maandishi ya kawaida ndani ya git, zana inayotunza kila badiliko la faili. Msaidizi anapendekeza, mimi nasoma mabadiliko ndipo yanaingia. Faharasa ya SQLite, ile ya kutafutia, siiweki kwenye git. Ikiharibika naifuta, inajengwa upya kutoka kwenye mafaili hayohayo.