Funua shuka kwanza: wanafunzi wa podiatri wakiingia wodini

Nikienda nyumbani Tanga wakaniuliza huko Uingereza unafanya kazi gani, nikisema podiatri wananikodolea macho, nikisema natibu miguu wanacheka, halafu lazima shangazi mmoja avue kandambili anionyeshe kucha. Nshazoea. Ila siku hizi nafundisha pia, na kinachoniumiza kichwa si kucha, ni namna ya kumtoa mwanafunzi kliniki ya chuo nimpeleke wodini bila kuganda kama nguzo.

Maana kliniki ya chuo inadekeza jamani. Mgonjwa kaja kwa miguu yake, anakaa kwenye kiti cha umeme unakipandisha mpaka nyayo zinakutazama usoni, taa ipo, vifaa vipo kwenye trei, unakwangua sugu kwa kisu cha namba 15 huku mnapiga stori za mvua. Kwenye digrii yetu mtu anafanya kama saa 1,000 za vitendo na nyingi anazimalizia mbele ya kiti kile kile. Sasa mpeleke wodini: mtu kalala, dripu kushoto, mfuko wa mkojo kulia, soksi za kuzuia damu kuganda mpaka magotini, shuka juu yake, na mwanafunzi hajui hata asimame upande gani.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Fildi yangu ya kwanza ya hospitali nilimfuata mzee mmoja moja kwa moja na kisu changu, nikamparuza kidogo tu pembeni ya sugu, damu ikatoka ikakataa kukata, nimebonyeza na pamba mpaka vidole vinauma. Msimamizi wangu akaja akaniuliza swali moja, "chati umeisoma?" Sikuwa nimeisoma, na mzee alikuwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo wanafunzi wangu hawagusi mguu kabla ya kusoma chati na kuongea na nesi, nataka wajue homa, presha, sukari ya asubuhi, dawa, na kama mgonjwa ameruhusiwa kukanyaga chini. Kidonda chenye usaha kwa mtu ambaye joto linapanda na mapigo yanakimbia hicho si kidonda cha kusafisha halafu urudi Alhamisi, hapo unapiga simu saa hiyo hiyo.

Lakini somo kubwa ni kisigino. Kliniki mguu unakuja kwako, wodini kisigino kimelala kwenye godoro na hakuna anayekiona. Mtu wa kisukari ambaye ganzi imeshamla nyayo haumwi chochote, anaweza kulala siku mbili mguu haujasogea, damu haipiti pale mfupa unapobana, ngozi inakufa taratibu na yeye ukimuuliza anakwambia "niko vizuri, asante". Ndo maana "unaumwa wapi?" haitoshi, vua soksi, nyanyua mguu, tazama chini na nyuma. Mto ukiuweka, weka chini ya misuli ya nyuma ya mguu kwa urefu, kisigino kielee hewani. Nimeona mito imewekwa chini ya kisigino chenyewe na mtu karidhika kabisa.

Kupima ganzi wala hakuhitaji mashine. Monofilamenti ya gramu 10, kale kauzi ka plastiki ka kugusia nyayo, ni nzuri, ila ukiwa huna kuna njia iliyotoka hospitali ya Ipswich, huku huku Uingereza: mgonjwa afumbe macho, umguse kwa wepesi kwa ncha ya kidole chako, sekunde moja au mbili bila kubonyeza, kwenye kidole gumba, cha tatu na cha tano, miguu yote miwili, akikosa viwili au zaidi kati ya hivyo sita basi huyo miguu yake iko hatarini. Nesi anaweza, hata mke wa mgonjwa anaweza. Mwongozo wa 2015 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, unataka kila mwenye kisukari akilazwa miguu yake ikaguliwe, na mwenye tatizo la mguu linaloendelea apelekwe kwa timu ya miguu ndani ya siku 1 ya kazi. Kama mguu au maisha yako hatarini ni papo hapo.

Na kuna jambo naliongea kila mwaka mpaka wananichoka. Picha nyingi tulizosomea zinaonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi kama yangu wekundu huo hauonekani, utaona weusi umezidi au zambarau, au usione kitu kabisa, kwa hiyo weka mgongo wa mkono usikie joto, bonyeza usikie ugumu au ulaini, linganisha na mguu wa pili. Mwanafunzi anayengoja wekundu kwa mgonjwa mweusi atakuja kuuona msiba tayari.

Basi kabla ya fildi huwa napanda mwenyewe kitandani pale maabara ya mazoezi, nimevaa soksi, nimejifunika, na kisigino nimekitia doa kwa kalamu nyeusi. Wanaingia, wananisalimia, wanapima mapigo ya mguu kwa ustadi kabisa, wengi wanaondoka bila kuliona doa. Mwaka huu nasikia wameshaambizana habari ya kisigino, kwa hiyo doa nimelihamishia katikati ya kidole cha nne na cha tano.