Je, wajua kwa nini kitufe cha "Tuma" huwekwa chini ya skrini?

Shika simu kwa mkono mmoja, halafu bila kusogeza kiganja jaribu kugusa kona ya juu iliyo mbali na kidole gumba. Kwa simu nyingi za leo hufiki. iPhone ya kwanza, ya mwaka 2007, ilikuwa na skrini ya inchi 3.5 na gumba lilizunguka karibu yote. Skrini za sasa nyingi zimevuka inchi 6, kidole ni kile kile.

Mwaka 2013 mtafiti Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu hadharani. Kati ya waliokuwa wakigusa skrini, asilimia 49 walitumia mkono mmoja tu. Mkono wa pili una shughuli zake: umebeba mtoto, mfuko wa sokoni, au umeshika bomba ndani ya daladala. Ndiyo maana kitufe kinachobonyezwa mara nyingi hushushwa chini.

Kukishusha hakutoshi kikiwa kidogo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kufikia shabaha huongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali na nyembamba. Kwa Android, Google hushauri eneo la mguso la dp 48 kwa 48 (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini), na nafasi ya dp 8 hadi kitufe kinachofuata. Dp 160 ni takriban inchi moja, hivyo 48 ni kama milimita 7.6. Wengi hukosea hapa kwa kupima alama inayoonekana. Alama ya pipa la kufutia inaweza kuwa na dp 24, ili mradi eneo linaloitikia kidole lifike 48.

Kibodi nayo husahaulika. Mtu akianza kuandika kiasi cha fedha, kibodi hupanda na kukifunika kitufe, naye hudhani programu imekwama. Kitufe nacho kipandishwe pamoja na kibodi, na kibodi yenyewe iwe ya tarakimu tupu.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Kilicho rahisi kubonyeza ni rahisi pia kubonyeza kwa bahati mbaya, na katika programu ya kutuma pesa hilo ni hasara ya mtu. Tazama kosa hili: skrini ya kwanza ina "Endelea" chini, skrini ya pili ina "Thibitisha" mahali pale pale. Kidole kikigonga mara mbili kwa haraka, mguso wa pili unaangukia "Thibitisha" kabla macho hayajasoma jina la mpokeaji. Kwa hiyo skrini ya pili ionyeshe jina na kiasi kwa herufi kubwa, kisha idai namba ya siri. Ugumu huo mdogo una faida, usiuondoe kwa kutafuta urahisi.

Mtandao ukisuasua, mtumiaji hubonyeza tena, na pesa zinaweza kwenda mara mbili. Kitufe kizimike papo hapo kinapoguswa na maandishi yageuke "Inatuma…". Hata hivyo, hiyo ni nusu ya dawa, maana mtu anaweza kufunga programu na kuanza upya. Kila muamala upewe namba yake ya pekee ndani ya simu, nayo ihifadhiwe hadi jibu lipatikane. Ombi likirudiwa kwa namba ile ile, seva, yaani kompyuta inayopokea maombi, hutambua kuwa limeshapokelewa.

Ukitaka kujua kama umepatia, mpe mtu asiyeijua programu kazi moja: "Mtumie mama elfu kumi." Simu iwe mkono mmoja, mfuko mwingine, nje juani, na wewe ukae kimya. Andika kila anapobadilisha mshiko ili kidole kifike, kila anapokosa kitufe, na kila anapokuuliza, "Imeenda?" Swali hilo likitoka, skrini ya mwisho haijasema waziwazi kwamba pesa zimefika na zimefika kwa nani.