Lahajedwali: kinachoonekana kwenye seli na kilichomo ndani yake

Lahajedwali ni jedwali la kompyuta linalojua kupiga hesabu. Ukurasa wake umegawanywa katika visanduku vidogo vinavyoitwa seli. Safu wima, zile zinazoshuka, hupewa herufi. Safu mlalo hupewa namba. Kwa hiyo kila seli ina anwani yake: B4 ni pale safu wima ya B inapokutana na safu mlalo ya 4. Kazini utasikia watu wakisema tu "Excel", yaani programu ya Microsoft, lakini Google Sheets na LibreOffice Calc nazo ni lahajedwali, na karibu yote ninayoyaeleza hapa yanafanya kazi kwenye zote tatu.

Tangazo la kazi likidai "ujuzi wa kompyuta", mara nyingi linamaanisha kuandika hati, kutumia barua pepe na kutumia lahajedwali. Katika hayo, la mwisho ndilo linalowasumbua wengi, na sababu ninaiona wazi. Unapoandika barua, unachokiona kwenye skrini ndicho kitakachotoka kwenye karatasi. Lahajedwali haliko hivyo. Seli huonyesha kitu kimoja na huenda imebeba kingine kabisa ndani yake. Asiyejua hilo anaweza kukariri vitufe vyote na bado akapotea siku ya kwanza ofisini.

Chukua seli inayoonyesha 12,000. Huenda kuna mtu aliandika namba hiyo kwa mkono wake. Huenda pia ndani yake kuna maelekezo haya: =B2*C2, yaani "zidisha kilichomo B2 kwa kilichomo C2, kisha onyesha jibu". Maelekezo hayo ndiyo fomula, na daima huanza na alama ya sawasawa. Kwa macho huwezi kutofautisha seli hizi mbili. Bofya seli, halafu tazama upau wa fomula, ule mstari mrefu ulio juu ya jedwali: huo ndio unaokuambia kilichomo.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa programu za aina hii. Dan Bricklin, alipokuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, alimtazama mhadhiri akijaza jedwali la hesabu ubaoni. Namba moja ikibadilika, ilibidi zote zinazoitegemea zifutwe na kuandikwa upya. Akiwa na mtengeneza programu Bob Frankston akaunda VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Badilisha namba moja, na nyingine zote zinazoitegemea zinajirekebisha zenyewe. Watu walinunua kompyuta ili tu waweze kuitumia programu hiyo.

Ndiyo maana naumia nikimwona mfanyakazi anajumlisha kwa kikokotoo kisha anaandika jibu kwenye seli. Jumla hiyo imekufa: bei ikirekebishwa kesho, yenyewe itabaki palepale, na hakuna atakayeonywa. Andika =SUM(C2:C20) na kompyuta itajumlisha kila kilichomo kuanzia C2 hadi C20, leo na kila siku data itakapobadilika.

Fomula ina tabia nyingine ambayo inafaa uielewe mapema. Ukiandika =B2*C2 kwenye D2 kisha ukaivuta kwenda chini, ikifika D3 inakuwa =B3*C3, D4 inakuwa =B4*C4. Kinachonakiliwa ni uhusiano: "seli mbili zilizo kushoto kwangu". Kwa orodha ya bidhaa mia tano, hiyo ni kazi ya sekunde chache. Lakini tuseme kiwango cha kodi umekiweka mara moja tu, kwenye F1, na unataka kila mstari uzidishwe nacho. Ukiandika =D2*F1 na kuvuta chini, mstari unaofuata utatafuta F2, ambako hakuna kitu, nawe utapata sifuri. Alama ya dola huizuia anwani isisogee: =D2*$F$1. Ukilielewa hili umevuka kikwazo kikubwa kuliko vingine vyote vya mwanzo.

Kuna na suala la aina ya data. Kwa lahajedwali, maandishi, namba na tarehe ni vitu vitatu tofauti, nalo hubahatisha lenyewe umeingiza kipi. Namba ya simu inayoanza na sifuri italiwa sifuri yake, kwa kuwa programu imeichukulia kama namba ya hesabu. Namba ya akaunti yenye tarakimu 16 itapoteza ile ya mwisho, maana usahihi huishia kwenye tarakimu 15. Dawa ni kuziteua seli hizo kuwa za maandishi kabla ya kuandika chochote. Kinyume chake pia hutokea: namba iliyonakiliwa kutoka kwingine huingia kama maandishi, na SUM huiruka kimyakimya. Ishara ya kuitambua ni nyepesi. Kwa kawaida namba hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto. Namba iliyojibanza kushoto, ishuku.

Tarehe nazo ndani yake ni namba za kuhesabu siku. Tarehe 1 Januari 2024, ukiiondolea vazi lake, ni 45292. Hivyo unaweza kutoa tarehe moja kwenye nyingine na kupata idadi ya siku zilizopita. Hata hivyo, kubahatisha huko kumewahi kuwatesa wanasayansi: jeni iliyoitwa MARCH1 iligeuzwa tarehe kila ilipoandikwa kwenye Excel, na mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaona heri kubadilisha jina lenyewe. Sasa inaitwa MARCHF1.

Hata namba halali inaweza kuonekana tofauti na ilivyo. Seli mbili zenye 2.4 kila moja, zikiwekwa zisionyeshe desimali, zitaonyesha 2 na 2, na jumla yake itaonyesha 5. Kompyuta haijakosea, imejumlisha kilichomo, 4.8, ndipo ikakadiria wakati wa kuonyesha. Ukitaka thamani yenyewe ikadiriwe, tumia fomula ya ROUND. Na zile ##### zinazowatia hofu wanaoanza zina maana kwamba safu ni nyembamba, au mara nyingine kwamba tarehe imetoka hasi. Panua safu kwanza.

Makosa ya fomula mara nyingi hayaonekani kwa kutazama matokeo. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha utafiti kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, uliotajwa sana na wanasiasa waliotaka serikali zipunguze matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa faili lenyewe. Miongoni mwa kasoro alizozikuta, fomula moja ya wastani ilikomea safu mlalo ya 44 badala ya 49, na nchi tano zikaachwa nje. Seli ilionyesha wastani safi kabisa, usio na alama yoyote ya hitilafu.

Kwa hiyo ukikabidhiwa faili la mtu aliyekutangulia kazini, usianze kujaza. Bonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha `, ambacho kwenye kibodi nyingi kiko chini ya Esc, na jedwali litaonyesha fomula badala ya majibu. Pita kwenye kila safu yenye jumla. Ukikuta kumi zina fomula na ya kumi na moja ina namba tupu, muulize aliyeiweka kabla hujaigusa.