Mrabaha hausafishi kijito

"Enjenia, hawa watu wameshalipa."

Shefu, yaani chifu, aliniambia maneno hayo mwezi wa nane, tumekaa kwenye kibaraza cha ofisi ya shefri yake, eneo analolitawala, mbali kidogo na Lubumbashi, huku kwetu Kongo (DRC). Akanionyesha karatasi ya benki. Ni kweli, kampuni ya madini ilikuwa imelipa, pesa imeingia, na shule imeezekwa mabati mapya. Lakini ukiteremka kutoka shuleni hadi kwenye dembo, bonde lenye majimaji kando ya kijito, bamama wamekwisha kuacha matuta yao ya lengalenga, yaani mchicha. Majani yanaungua kuanzia pembeni, kisha mche wote unakauka, na udongo bado umelowa.

Kwa shefu, mabati yalikuwa yamemaliza deni la kijito. Nimekutana na hesabu hiyo kijiji baada ya kijiji, na inaniuma, kwa sababu sheria yetu wenyewe inaikataa.

Pesa ya mgodi hufika kwa wananchi kwa njia tatu. Ya kwanza ni mrabaha, sehemu ya thamani ya madini ambayo kampuni hulipa; huku kwetu kila mtu anauita redevansi. Kampuni inayochimba shaba hulipa asilimia 3.5, na kwa kobalti, ambayo serikali iliitangaza kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018, asilimia 10. Katika kila dola 100 za mrabaha, serikali kuu huchukua 50, jimbo 25, serikali ya mtaa yenye mgodi (shefri, sekta au komini) 15, na 10 huwekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwezi wa tatu 2018, hizo 15 hulipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shefri. Zamani zilipitia Kinshasa, na mashefu wengi walizeeka wakizisubiri. Naiona ni hatua kubwa. Ila sheria imezifungia kazi moja: miundombinu ya msingi ya jamii, kama shule, zahanati, barabara na visima.

Njia ya pili ni mchango wa maendeleo, usiopungua asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa mwaka. Huo una kamati yake, na unastahili makala yake.

Ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Ni fidia. Sheria hiyohiyo inamlazimu mwenye mgodi kurekebisha madhara aliyowaletea watu, mali na mazingira hata kama hakufanya kosa wala uzembe. Mwanakijiji hahitaji kuthibitisha kwamba fulani alilala kazini. Anahitaji kuonyesha madhara, na kwamba yametoka mgodini. Pesa ya mrabaha haipunguzi deni hilo hata franga moja.

Sasa, kuonyesha kwamba yametoka mgodini ni kazi ya namna gani? Ili kutoa shaba, mawe husagwa na kuloweshwa katika asidi ya salfuriki. Tope linalobaki hutiwa chokaa kupunguza ukali, kisha humwagwa kwenye bwawa la mabaki. Chokaa ikipungua, au ukuta wa bwawa ukivuja, maji yenye asidi huteremka bondeni yakiwa yameyeyusha shaba na kobalti.

Siku ile tulishuka na mama mmoja mwenye matuta pale. Nilichovya karatasi ya kupimia asidi juu ya mahali ambapo mfereji wa bwawa unaingia kijitoni: ikawa kijani, maji ya kawaida. Tukatembea hatua kama mia mbili kufuata mkondo, nikachovya nyingine, ikageuka rangi ya chungwa, dalili ya asidi. Mawe yalikuwa na utando wa kibuluu. Maji yenyewe yalikuwa maangavu ajabu, unahesabu kokoto chini. Mama akasema, "Baba, ile maji inaonekana muzuri, lakini chura haiko tena." Alikuwa amesoma kijito kuliko mimi. Maji ya asidi mara nyingi huwa maangavu kwa sababu hakuna kinachoota wala kuogelea ndani yake, na metali iliyoyeyuka haionekani kwa macho.

Kwa hiyo, ukichota maji ya ushahidi, chupa ya juu ya mfereji ni muhimu sawa na ya chini yake. Wanavijiji wengi hunipelekea chupa moja tu, ya maji mabaya, na kampuni hujibu kwamba udongo wa Katanga una shaba toka uumbaji. Ni kweli unayo. Chupa mbili zilizojazwa saa ileile, moja juu na moja chini ya mfereji, ndizo zinazolijibu neno hilo. Chota na tope pia, maana metali hutulia ndani yake hata maji yakishapita.

Na si mboga tu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga: wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi kupita wanaokaa mbali.

Nilimweleza shefu yote haya tukirudi. Alinyamaza kwa muda, kisha akamwita sekretera. Akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika tarehe, saa, mahali na majina ya walioshuhudia chupa zikijazwa. Bamama wawili wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Barua kwa kampuni ilitoka katika nakala tatu, moja ikarudi na muhuri wa kupokelewa. Tuliomba fidia ya matuta, na tuonyeshwe mpango wa mazingira ambao bila huo kampuni isingepewa kibali cha kuchimba.

Jibu halijafika. Tutapima tena mvua za kwanza zikinyesha, wakati bwawa linapojaa. Yule mama aliomba nimwachie karatasi za kupimia, nikamwachia ishirini.